Slipu zetu za mshahara zilifanana

Siku niliyoiona slipu ya mshahara ya mwenzangu wa kiume, nilishusha pumzi. Alikuwa ameisahau kwenye mashine ya kuchapa, nami nikaiokota nikidhani ni yangu. Jina lake, cheo chetu, daraja letu, na chini kabisa tarakimu ile ile niliyoizoea, hadi senti ya mwisho. Tuliajiriwa mwezi mmoja, tukafanyiwa usaili na jopo moja, na kwa miaka mitatu nilikuwa nimebeba shaka moyoni kwamba huenda yeye analipwa zaidi. Nikampelekea karatasi yake, tukacheka, nikarudi mezani kwangu nikijiambia kwamba hapa kwetu haki ipo.

Miezi michache baadaye tulihamishwa ghorofa. Kila mtu alipewa maboksi mawili na kuambiwa afungashe vitu vyake kabla ya jioni. Droo ya chini kabisa ya meza yangu ilikuwa nzito, haivutiki. Nilipoivuta kwa mikono miwili nikakuta madaftari 11 ya jalada gumu. Yote yalikuwa ya mihtasari ya vikao, yote kwa mwandiko wangu.

Niliketi sakafuni nikaanza kufunua. Kila kikao kilianza vile vile: tarehe, waliohudhuria, waliotoa udhuru. Jina langu lilikuwa la mwisho kila mara, na baada yake mkato na neno moja, "mwandishi". Kisha kufungua kikao, yatokanayo na kikao kilichopita, ajenda za siku, mengineyo. Kadiri nilivyosoma ndivyo mikono ilivyopoa. Kwa kalamu yangu mwenyewe nilikuwa nimeandika kwamba kikao kimeazimia mwenzangu aongoze mradi wa mfumo mpya wa hesabu. Kwamba mwenzangu ndiye atakayekwenda kwenye mafunzo ya wiki mbili. Kwamba mwenzangu awasilishe taarifa mbele ya bodi, kwa kuwa anaufahamu mradi kuliko wengine. Nilitafuta mahali nilipochangia mimi. Kwenye daftari la tatu niliikuta hoja moja niliyokumbuka vizuri, kwa sababu ilikuja kutumika idara nzima. Nilikuwa nimeiandika hivi: "Ilipendekezwa kwamba." Hakuna jina. Aliyependekeza ni mimi na aliyeandika ni mimi, na niliona haya kujitaja.

Ilianza kwa wema. Katika kikao chetu cha kwanza, bosi alitazama meza nzima na macho yake yakatua kwangu. "Dada, hebu tusaidie leo kuandika, mwandiko wako unasomeka." Ile "leo" ilidumu miaka mitatu.

Sisemi kwamba mshahara si kitu. Nchi wanachama wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, zilipitisha Mkataba namba 100 kuhusu malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa mwaka 1951, na hadi leo vita hiyo haijesha. Wanaoipigana wana haki ya kuipigana kila siku. Ila mshahara huingia mara moja kwa mwezi, na kazi yenyewe huifanyi mara moja kwa mwezi. Unaiamkia kila siku. Nani anaamua uanze na lipi? Nani anaweza kuinuka kwenda msalani bila kuomba ruhusa? Ratiba ya wiki ijayo unaijua lini? Ukikosea unafokewa au unaelekezwa? Na ukifanya vizuri, nani anajua kwamba ni wewe?

Kuna watu ambao wamekuwa wakiuliza maswali ya namna hii kwa utaratibu. Taasisi ya Umoja wa Ulaya iitwayo Eurofound imekuwa ikichunguza hali ya kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katika uchunguzi wa mwaka 2015 ilihoji wafanyakazi karibu 44,000 katika nchi 35. Ubora wa kazi waliupima kwa vipengele saba: mazingira ya kimwili, kasi na uzito wa kazi, mpangilio wa saa, mahusiano na watu kazini, ujuzi na uhuru wa kuamua, matarajio ya mbele, na kipato. Kipato ni kimoja kati ya saba. Mimi nilikuwa nimepima hicho kimoja, nikafunga hesabu.

Nilipofikiri zaidi nikaona kwamba somo hili nilikuwa nimeshafundishwa zamani, na miguu yangu. Kabla ya ofisi niliuza nguo katika duka kubwa. Wanaume wa pale walikuwa wengi upande wa stoo na upokeaji wa mizigo. Walibeba vitu vizito, siwanyimi hilo, lakini gari likiondoka walikaa juu ya maboksi wakapumzika hadi lije jingine. Sisi wa mbele, karibu wote wanawake, hatukuruhusiwa kukaa hata duka likiwa tupu. Msimamizi alisema mteja hapaswi kumkuta muuzaji ameketi, ni picha mbaya. Malipo ya stoo na ya mbele yalikuwa sawa. Nilijifunza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Nilijifunza kuegemeza nyonga kwenye kaunta msimamizi anapogeuka, na kujinyoosha kabla hajageuka tena. Nilijifunza kutokunywa maji hadi alasiri, kwa sababu msalani kulikuwa mbali na kila safari iliombewa ruhusa mbele ya watu. Siku za hedhi sitaki kuzikumbuka. Jioni nikivua viatu, ukingo wa kiatu ulikuwa umejichora kwenye nyama ya mguu kama uzi uliokazwa. Nilidhani udhaifu ni wangu, kwamba wengine wanaweza na mimi siwezi.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za mji wa Kozhikode, katika jimbo la Kerala, India. Fundi cherehani mmoja anayeitwa Viji alianza kuwakusanya wanawake waliouza katika maduka ya mji huo. Walianza na choo, kwa sababu hawakuwa nacho. Wakaendelea na kiti. Nao walikatazwa kukaa hata pasipo na mteja, nao walikuwa wanajizuia kunywa maji. Walidharauliwa na wenye maduka, na hata vyama vya wafanyakazi vilivyoongozwa na wanaume havikuliona jambo lao kuwa kubwa, kwa hiyo wakaunda umoja wao wenyewe, Penkoottu. Mwaka 2018 serikali ya Kerala ilibadilisha sheria ya maduka na mfanyakazi akapata haki ya kukaa. Mwaka 2021 jimbo jirani la Tamil Nadu likafuata. Niliposoma habari ile nililia, na sikulia kwa furaha peke yake. Nililia kwa sababu walikuwa wamelipa jina jambo ambalo mimi nililiita uvivu wangu.

Na jambo lenyewe ni la zamani. Uingereza ilikuwa na sheria ya viti vya wauzaji wa dukani tangu mwaka 1899: angalau kiti kimoja kwa kila wanawake watatu wanaohudumia. Karne moja na zaidi imepita kati ya sheria ile na ile ya Kerala, na hoja ni ile ile ya kiti. Hakuna slipu ya mshahara yenye mstari wa kiti.

Kiti kilinifikisha kwenye neno ambalo sasa naliona kila mahali: uamuzi. Tofauti kati yetu na wanaume wa stoo haikuwa uzito wa kazi, maana yao ilikuwa nzito kuliko yetu. Wao waliamua wapumzike lini. Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, alitoa hoja kwamba kinachomchosha mtu kazini hadi kumdhuru ni mchanganyiko wa madai makubwa na uamuzi mdogo. Mtu anaweza kuwa na kazi nyingi sana na bado akawa salama, mradi ana usemi juu ya ifanyike vipi na lini. Mtihani ni yule anayesukumwa huku hana usukani.

Huko London, kuanzia mwaka 1985, Michael Marmot na wenzake waliwafuatilia watumishi wa serikali 10,308, wanaume na wanawake, kwa miaka mingi. Hawa hawakuwa wachimba migodi. Walikuwa watu wa ofisi, wenye ajira za kudumu. Waliokuwa na uamuzi mdogo juu ya kazi zao ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo. Na wanawake wa utumishi ule, wengi wao, walikuwa kwenye ngazi za chini za ukarani na usaidizi, ambako uamuzi ni mdogo kuliko kokote. Nikifikiria hilo naiona foleni ya mashine ya kuchapa, na akina dada wamesimama na karatasi za watu wengine mikononi.

Nirudi kwenye madaftari, kwa sababu pale ndipo panaponiuma. Kuna kazi katika kila ofisi ambazo lazima zifanyike na hazimpandishi mtu cheo. Kuandika muhtasari. Kumwelekeza mwajiriwa mpya mahali vitu vilipo. Kuzungusha bahasha ya mchango wa mstaafu, kununua kadi, kumkumbusha kila mtu aweke sahihi. Kukaa kwenye kamati ya ustawi. Kupanga chumba cha mkutano na kuhakikisha projekta inawaka. Zikifanyika hakuna anayeziona. Zisipofanyika kila mtu anauliza nani amelala. Watafiti wanne, Linda Babcock, Maria Recalde, Lise Vesterlund na Laurie Weingart, walichapisha mwaka 2017 majaribio waliyoyafanya juu ya kazi za aina hii. Waliwaweka watu katika vikundi vidogo, akatakiwa mmoja ajitolee kufanya jambo ambalo wote wanataka lifanyike ila hakuna anayetaka kulifanya. Katika vikundi vya mchanganyiko, wanawake walijitolea mara nyingi zaidi kuliko wanaume, kwa takriban asilimia 48. Ungeweza kusema ndivyo walivyoumbwa. Lakini watafiti walipounda vikundi vya wanaume watupu, wanaume walijitolea vizuri kabisa, sawasawa na wanawake waliokuwa peke yao. Maana yake wanaume wanajua kujitolea. Wanachojua pia ni kwamba akiwepo mwanamke, yeye atajitolea.

Kisha wakaongeza mtu wa kuchagua nani aombwe. Wanawake waliombwa zaidi, kwa takriban asilimia 44, na walioomba walikuwa wanaume na wanawake vile vile. Hapo nilijikumbuka. Tulipopata msichana wa mafunzo ya vitendo, wa kwanza kumwomba azungushe bahasha nilikuwa mimi. Nilimwambia "mdogo wangu, tusaidie". Neno lile lile.

Napata shida na neno hili, kusaidia. Kwa lugha yetu ni neno zuri. Lakini kazini nimeona linavyotumika kuhamisha mzigo bila kuuandika popote. Anayesaidia hana mradi. Anayesaidia hapimwi. Mwisho wa mwaka bosi anapojaza fomu ya tathmini, mahali pa "mafanikio" anaweka miradi, na mahali pa "tabia" anaandika kwamba mimi ni mtu wa kusaidia. Niliwahi kukaa kwenye tathmini nikasifiwa hivyo kwa dakika tano nzima, na nikatoka nimefurahi.

Kulikuwa na msaada mwingine pia, wa kuongea na waliokasirika. Mteja akipandisha sauti, alielekezwa kwangu. "Wewe unajua kuongea na watu." Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild aliwachunguza wahudumu wa ndege na mwaka 1983 akaliita jambo hili kazi ya hisia: kulipwa ili utabasamu usipojisikia kutabasamu, na kumeza unachohisi ili mwingine ajisikie vizuri. Naongeza hili tu kutoka kwangu. Baada ya kutukanwa na mtu wa nne kwa siku hiyo, kuna ganzi inaingia, na ganzi hiyo unakwenda nayo nyumbani, na watoto wanaiona.

Watoto. Mwenzangu naye alikuwa nao, wawili kama mimi. Simu ya shule haikumpigia hata siku moja. Mimi saa kumi na moja kamili jioni nilikuwa mlangoni, mkoba begani, nimeinamisha kichwa kama mtoro. Yeye alibaki. Nilidhani anabaki kufanya kazi, na wakati mwingine ndivyo ilivyokuwa. Lakini kati ya saa kumi na mbili na saa moja usiku, ofisi ikishakuwa tupu, bosi alitoka chumbani kwake, akaketi kwenye kona ya meza ya mtu, akazungumza. Mipango ya mwaka ujao, nafasi itakayokuwa wazi, nani wa bodi ana neno na nani. Kufikia siku ya kikao maamuzi yalikuwa yameiva, na mimi nikayaandika.

Mwaka 2018 ILO ilikadiria kwamba wanawake duniani hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku katika kazi za malezi na nyumba zisizolipwa, na wanaume saa 1 na dakika 23. Tofauti ni saa tatu. Ni ndani ya saa hizo tatu ambapo bosi huketi kwenye kona ya meza.

Claudia Goldin, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba tofauti kubwa kati ya wanawake na wanaume katika kazi za kisomi inatokana na kazi zinazomtaka mtu awepo muda wote na kumzawadia kupita kiasi anayeweza kuwepo. Analipendelea sana jambo moja la kutia moyo, nami pia: wafamasia wa Marekani. Zamani wengi walimiliki maduka yao wenyewe na kila mmoja aliwajua wateja wake kichwani. Kazi ilipohamia kwenye kampuni kubwa na hospitali, kumbukumbu za mgonjwa zikaingia kwenye kompyuta, dawa zikawa za viwango vilivyo sawa, na mfamasia mmoja akaweza kumpokea mwenzake bila mgonjwa kupungukiwa na kitu. Goldin na Lawrence Katz walionyesha kwamba anayefanya saa chache pale haadhibiwi kwa kila saa aliyopunguza. Hakuna aliyewahubiria wafamasia kuhusu usawa. Kazi ilipangwa upya, basi.

Na kupanga upya kunawezekana hata bila kompyuta za leo. Mwaka 1962 huko Uingereza, Stephanie Shirley alianzisha kampuni ya kuandika programu za kompyuta na kuajiri wanawake walioacha kazi baada ya kuzaa. Walifanya kazi wakiwa nyumbani, kwa saa zao. Kati ya wafanyakazi wake 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake, na miongoni mwa kazi zao ilikuwamo programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Barua zake za kuitafutia kampuni wateja zilikuwa hazijibiwi hadi alipoanza kutia sahihi kwa jina la Steve.

Mambo ya mwili nitayapita haraka, ingawa yana wenyewe wa kuyasimulia. Mwaka 2019, mwezi Machi, shirika la anga la Marekani, NASA, liliahirisha matembezi ya kwanza ya wanawake wawili nje ya chombo cha anga kwa sababu sehemu ya kifua ya vazi yenye saizi iliyowafaa wote wawili ilikuwa moja tu iliyo tayari. Mmoja wa wawili hao, Christina Koch, alikuja kutoka Oktoba pamoja na mwingine, Jessica Meir. Ofisini kwetu tulivaa sweta mwaka mzima. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi walieleza kwamba kanuni ya kupanga joto la ofisi, ya miaka ya 1960, ilimchukua kama kipimo mwanaume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Huyo bwana hajawahi kuhisi baridi.

Lipo la kulisema taratibu zaidi. Katika miaka ile mitatu nilikataa safari moja ya kikazi. Ilikuwa safari nzuri, ya aina inayomfanya mtu ajulikane. Kiongozi wa msafara alikuwa mkubwa fulani ambaye tayari alishanifanya nitumie ngazi za nyuma badala ya lifti. Sikumweleza mtu. Nilisema mtoto anaumwa. Kwenye daftari la saba imo: "Mjumbe mmoja alitoa udhuru, nafasi yake ikachukuliwa na." Udhuru ule ulinigharimu kitu, na gharama yake haikuandikwa popote, hata mimi mwenyewe sikuiandika. Nilikuja kujua kwamba Juni 2019 ILO ilipitisha Mkataba namba 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, ukaanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, na kwamba unagusa hadi safari za kikazi, mafunzo, na njia ya kwenda na kurudi kazini. Uchunguzi wa kimataifa uliotolewa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya mfanyakazi mmoja kati ya watano amewahi kupatwa na ukatili au unyanyasaji kazini, na ni zaidi kidogo tu ya nusu yao waliowahi kumwambia mtu yeyote. Nilikuwa katika ile nusu nyingine.

Sitaki kusema wanaume wanastarehe. Nchini Marekani, kati ya kila watu 10 wanaokufa kwa ajali kazini, zaidi ya 9 ni wanaume: wajenzi, madereva wa malori, wavuvi, wakata miti. Hilo nalo ni ubora wa kazi, na ni ubaya wa kutisha. Wale wa stoo niliowasema, mmoja aliumia mgongo na hakurudi. Kinachonisumbua ni kwamba hatari ya mwanaume huonekana, ina kofia ngumu na kibao cha onyo, na mara nyingi kazi yake huitwa ngumu na kuheshimiwa hivyo. Muuguzi anayemgeuza mgonjwa wa kilo 90 kitandani mara sita usiku anaambiwa ana moyo wa huruma. Mgongo wake unavunjika vile vile.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukusema? Kila mwaka tulipewa dodoso la wafanyakazi, na kila mwaka niliweka alama kwenye "ninaridhika sana". Sikudanganya. Mwaka 1997 mwanauchumi Andrew Clark aliandika juu ya wafanyakazi wa Uingereza kwamba wanawake waliripoti kuridhika na kazi kuliko wanaume, ingawa kazi zao zilikuwa duni kwa vipimo vingi. Maelezo yake yalikuwa matarajio: waliotegemea kidogo waliridhika na kidogo. Kwa wanawake vijana, waliosoma zaidi, na waliofanya kazi za kitaalamu, tofauti hiyo ya kuridhika ilitoweka. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye duka lisilo na kiti. Nilipewa kiti cha magurudumu, cha kuzunguka, nikaona nimefika. Nani angenisikia nikilalamika kuhusu kalamu?

Wiki moja baada ya kuhamia ghorofa mpya nilimwomba bosi dakika kumi. Nilikwenda na daftari la tatu na la saba. Sikumlaumu, maana kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Nilimfungulia kurasa nikamwomba asome. Alisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nikamwambia nilikuwa naandika. Akasema kuanzia kikao kijacho uandishi utakwenda kwa zamu, kwa mpangilio wa alfabeti. Niliogopa kwamba ni maneno.

Kikao kilichofuata kalamu ilimwangukia mwenzangu. Nilimpa daftari jipya, nikamwonyesha mpangilio, yatokanayo huku, mengineyo kule. Siku hiyo niliongea. Niliongea mara nne, juu ya mradi ambao kwa mwaka mzima nilikuwa nimeuandika bila kuugusa, na mara ya pili nilisikia sauti yangu imepanda nikaiacha ipande. Kila nilipotazama upande wake nilikiona kisogo chake tu, ameinama, kalamu inakimbia.

Tulipotoka alinifuata hadi kwenye korido, daftari kifuani, akaniuliza ile hoja yangu ya tatu ilikuwaje hasa, kwa sababu alikuwa bado anamalizia ya pili. Nikamweleza. Akaandika amesimama, daftari limeegemea ukuta. Kisha akainua kichwa.

"Unajua leo sijachangia hata neno moja?" alisema. "Nilikuwa na jambo la kusema kuhusu bajeti. Nikaona mkono bado haujafika."